Nilivyopiga Kelele ya Foya

Jumatano, mwezi wa tisa. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya uji. Mlima Meru uko wazi wote leo, hakuna wingu hata la kusingizia. Siku nyingine ningeandika ukurasa mzima juu ya mlima huo, maana kwa kusifu kitu hakuna anayenifikia hapa bomani. Leo nimeutazama tu. Ni mlima.

Mikono yangu haitetemeki. Nimeiweka juu ya sanduku nikaitazama. Imetulia kama mikono ya mtu mwingine.

Asubuhi niliunguza ulimi kwa uji, na sikujua mpaka adhuhuri nilipotaka kupiga mluzi.

Wenzangu wamezoea kwamba kila Ijumaa nawasomea kurasa hizi nyuma ya jiko la askari. Nawasomea habari za gari moshi la Tanga, za nahodha niliyempikia melini, za mwanamke wa Unguja aliyenililia bandarini. (Hakulia, daftari. Nilikudanganya. Alikuwa anataka sufuria yake.) Wanacheka mpaka wanashika matumbo. Ukurasa huu nauandika kwa herufi kubwa na wazi, kwa sababu huenda atakayeusoma si mimi.

Basi nijitambulishe. Mimi ni Feruzi, mzaliwa wa Pangani, mlinzi wa ghala la boma la Arusha. Nimesoma shule ya serikali Tanga miaka miwili, wa tatu waliniomba nisirudi. Najua kusoma, najua kuandika, na Kijerumani nakijua sana.

Hapana. Nakijua kidogo. Hilo nalo liandikwe.

Ghala letu tunalilinda watu watatu. Tulikuwa tunalilinda watu watatu. Mimi langoni, kwa sababu nina sauti na nina maneno ya kumpokea mgeni. Maganga nyuma ya ghala, kwa sababu ndiye mwenye bunduki na ndiye aliyefundishwa kuitumia. Ni Mnyamwezi, mtu mzima kunishinda, amebeba mizigo ya Wajerumani na kupiga vita vya Wajerumani kabla mimi sijaota ndevu. Ananiita mtani, nami namwita mtani, na tangu tufahamiane hatujapitisha siku bila kutukanana kwa mapenzi.

Wa tatu ni Loishiye. Mwarusha wa hapa hapa, kwao ni juu kidogo ukifuata mto Themi. Ana mke, ana ng'ombe, ana mama. Kazi yake ilikuwa ndani ya ghala, kupanga magunia na kufukuza panya kwa rungu lake. Mrefu kupita mlango. Kila asubuhi aligonga paji la uso pale juu, na kila asubuhi aliutazama mlango kama vile umesogea usiku.

Loishiye amekufa jana asubuhi.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma tena. Herufi ziko sawa.

Sasa habari yenyewe, tangu mwanzo.

Kwenye mlango wa ghala kuna karatasi ya amri ya moto, Kijerumani juu, Kiswahili chini. Kila Jumatatu nawasomea wenzangu kwa sauti. Moto ukitokea, kwanza okoa baruti, ile ya kupasulia mawe ya barabara. Pili, vitabu vya boma. Tatu, nyumbu wa bwana mkubwa, Mjerumani mkuu wa boma. Nne, mahindi na ngozi. Na mlinzi asiache lindo lake mpaka aambiwe.

Siku ya kwanza niliposoma, Loishiye alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, sisi wa ngapi?"

"Sisi?"

"Baruti wa kwanza, nyumbu wa tatu. Mimi na Maganga wa ngapi?"

"Ninyi ni makuli wa moto," nikamwambia. "Kuli haandikwi, kuli anabeba."

Walicheka, nami nilicheka kuliko wote. Lakini neno lile lilinikaa. Mimi Tanga nimeona ghala la mbata likiungua. Nimemwona mlinzi wake akitoka salama, amesimama nje, ameshika kifua, halafu akajigusa kichwani, akakumbuka kofia. Akarudi. Alikuwa mtu mwema na kofia ilikuwa mbovu.

Kwa hiyo nikatunga amri zangu, za mdomoni, za walinzi peke yao. Niliziita amri za Feruzi. Kwanza wewe. Kabla ya baruti, kabla ya nyumbu, wewe, kwa sababu ghala hujengwa tena kwa wiki mbili. Ukiingia lindo, jua mlango wa mbele na jua mlango wa nyuma. Ukiona moshi, chovya gunia kwenye pipa la maji, jifunike kichwa chote na uso, shuka chini utambae, maana moshi unapenda watu warefu. Ukishatoka, usirudi hata kama umesahau mama yako.

Tulifanya mazoezi. Niliwatambaza wote wawili ndani ya ghala. Maganga alisema hajazaliwa Unyamwezi aje kutambaa Arusha kama kenge, lakini alitambaa. Loishiye alijifunika gunia, akatambaa mpaka mlango wa nyuma, akasimama mapema, akagonga kichwa. Gunia lilikuwa bado usoni. Akasema ndani ya gunia, "Mlango umesogea tena." Nililia kwa kucheka.

Hakuna mlinzi katika nchi hii aliyefundishwa moto kama nilivyowafundisha hawa. Nilijisifu hivyo kwa kila aliyepita langoni. Nilimwambia hata msimamizi wa nyumbu.

Jumamosi, alasiri. Upepo kama huu wa leo. Kibanda cha mhunzi kiko upande wa juu wa boma, na cheche ziliruka mpaka kwenye nyasi za paa letu. Mimi nilikuwa langoni. Niliona moshi mwembamba, halafu nikaona si mwembamba.

Hapa ndipo nataka kuandika polepole.

Neno la moto kwa Kiswahili ni moto. Kila mtu Arusha analijua. Mwarusha analijua, Mmeru, Mchaga, Mnyamwezi, Mhindi wa dukani. Ukipiga kelele ya moto, hata mbuzi wanatoka. Nililijua na lilikuwa mdomoni tayari.

Lakini bwana mkubwa alikuwa ameketi barazani na mgeni wake, mpima ardhi, wanakunywa kahawa. Na mimi nikaona, daftari, nikaona kwa muda ule mfupi wa kuvuta pumzi, kwamba hii ndiyo nafasi ya wao kusikia kuwa mlinzi wao wa lango anajua lugha yao. Si yule Feruzi wa "yavol" na "mogen", ndiyo bwana na habari za asubuhi. Feruzi wa kweli. Kwa Kijerumani moto ni foya. Nilisoma Tanga, ukurasa wenye picha ya jiko.

Nikakimbia kuelekea barazani nimeinua kidevu, natoa sauti ya tumboni, sauti ya ombasha wetu anapofundisha askari uwanjani.

"Foya! Foya!"

Nilisema vizuri sana. Nilisikia mwenyewe kwamba nimesema vizuri.

Halafu bunduki ikalia nyuma ya ghala.

Nilidhani baruti imeshika. Nilijitupa chini kama nilivyofundisha wengine. Baruti haikulipuka. Nikainuka nikakimbia kuzunguka ghala.

Maganga hajasoma ukurasa wenye picha ya jiko. Kijerumani cha Maganga si lugha, ni mikono na miguu. Amepigiwa kelele miaka kumi na zaidi uwanjani, na kila neno lina kiungo chake mwilini. Haltu, simama, ni miguu. Rekt, tazama kulia, ni shingo. Foya, piga risasi, ni kidole cha shahada.

Nilimkuta amepiga goti moja, bunduki begani bado, amekaa vizuri kama picha. Mbele yake, hatua labda ishirini kutoka mlango wa nyuma, mtu amelala kifudifudi, gunia bichi kichwani mpaka mabegani, na chini yake sanduku la vitabu vya boma.

"Nimempata, mtani," Maganga akasema. "Mwizi. Amewasha moto aibe sanduku. Ametoka amejifunika uso."

Niliangalia miguu. Ile miguu mirefu.

Maganga akaangalia ninapoangalia. Akaweka bunduki chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akaenda akatoa gunia.

Loishiye alikuwa hai. Risasi ilikuwa imeingia ubavuni. Alitutazama mmoja mmoja, akasema neno la Kimaasai ambalo sikulijua, halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Vitabu vimeungua?"

Moto ulizimwa kwa maji ya mfereji na migomba mibichi. Nusu ya paa iliungua. Baruti haikuguswa. Nyumbu hawakuguswa. Bwana mkubwa alifungua sanduku, akapeperusha kurasa, akasema vizuri, vizuri, vyote vipo. Alisema kwa Kiswahili.

Ningemsikia mtu mwingine akinisimulia haya nisingeamini. Ningesema anachonga.

Loishiye walimlaza kwenye chumba cha wagonjwa hapa hapa bomani. Nilikwenda Jumapili mchana. Alikuwa na homa lakini alinitambua. Nilikuwa nimejiandaa na mzaha, huwa siendi mahali bila mzaha, nikaukosa mlangoni. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, nilijifunika kama ulivyosema. Kichwa chote na uso."

"Niliona."

"Moshi haukuniingia hata kidogo."

"Vizuri," nikamwambia. "Umefanya vizuri kabisa."

"Mlango sikugonga."

"Hukugonga."

Alifurahi. Akafumba macho. Mimi nilikaa pale nimeshika kofia yangu magotini. Alikuwa amejua mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Alikuwa amechovya gunia kwenye pipa. Kitu kimoja tu hakukifuata, alibeba sanduku, na hilo alilibeba kwa sababu ya karatasi niliyomsomea mimi kila Jumatatu.

Na kitu kimoja sikuwafundisha. Sikuwaambia: ukitoka kwenye moshi, taja jina lako. Piga kelele ya jina lako mwenyewe kabla hujavuka kizingiti, ili mwenye bunduki ajue anayetoka ni nani. Ni maneno machache. Mimi mwenye maneno mengi kuliko wote, hayo sikuwa nayo.

Jumapili hiyo hiyo jioni bwana mkubwa alituita barazani. Maganga alikuwa ameshafungwa mikono. Ombasha amesimama pembeni na kiboko, karani na kalamu.

Bwana akauliza, "Nani aliamuru kupiga?"

Maganga akasema, "Nilisikia amri, bwana. Nilisikia foya. Nikapiga."

"Amri ya nani?"

Maganga alitazama mikono yake iliyofungwa. "Ilikuwa sauti tu, bwana."

Bwana akatugeukia sisi wengine, mimi, mhunzi na msimamizi wa nyumbu. "Yupo aliyetoa amri ya kupiga?"

Mhunzi akasema hapana. Msimamizi wa nyumbu akasema hapana. Mimi nikasema, "Hakuna aliyeamuru, bwana."

Ni kweli. Ukiyapima maneno hayo kwenye mizani hayapungui. Sikuamuru mtu apige. Nilisema moto.

Mpima ardhi aliyekuwa barazani Jumamosi alikuwa ameshaondoka kwenda Moshi. Bwana mwenyewe, nadhani, alisikia foya kama Mjerumani anavyosikia foya: akasikia moto, akainuka, akaita maji. Hakufikiria tena. Nani anafikiria neno la lugha yake mwenyewe?

Amri yangu ya kwanza ni kwanza wewe. Niliitunga kwa ajili ya moshi. Barazani hapakuwa na moshi, na niliitumia.

Maganga alipigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, Jumatatu asubuhi, kwa kupiga bila amri. Nilisikia kutoka langoni. Nilikuwa nampokea mgeni wa Kimeru aliyeleta asali, nikamwuliza njia ilikuwaje, akaniambia, nikamwuliza tena. Maganga hakutoa sauti. Bwana alisema shauri lenyewe litakatwa Alhamisi, yaani kesho, maana tutajua kwanza kama Loishiye anapona. Akipona, Maganga atafukuzwa kazi. Asipopona, ni mnyororo, apelekwe pwani na watu wa mnyororo, na wanaopelekwa huko kwa miguu si wote wanaofika.

Loishiye hakupona.

Tangu Jumapili nasubiri kulia. Jana walipombeba kwenda kwao nilivua kofia, nikasimama vizuri, nikafikiri, sasa itakuja. Haikuja. Nilifikiri jinsi wale wabebaji wanavyokwenda kwa hatua zisizolingana, nikataka kuwaambia.

Leo asubuhi mama yake amekuja langoni. Mama mtu mzima, shanga shingoni, fimbo mkononi, amekuja peke yake. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, na Kimaasai changu ni cha salamu tu. Nikamwamkia kwa ninachokijua.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," akaitikia. Akaniangalia sana. "Wewe ni mtu wa pwani?"

"Ndiyo, mama."

"Mtu wa maneno?"

Nikasema ndiyo.

"Loishiye anasema nyumbani, iko mtu wa pwani bomani anachekesha. Anasema maneno yako kwetu jioni. Sisi sote tunacheka." Akatafuta neno. "Mimi sijui maneno ile. Nataka kuona mtu."

Akanishika mkono. Akaushika kitambo, akaugeuza kama anatafuta kitu kiganjani, kisha akauachia. Hakuuliza nani alipiga. Hakuuliza kwa nini. Akachukua rungu la mwanawe, ambalo nilikuwa nimeliweka kando, akarudi alikotoka.

Nilipaswa kumwambia. Nilikuwa na maneno ishirini ya Kimaasai na yote yalikuwa ya kuuliza habari za ng'ombe.

Adhuhuri nikaenda mahabusu. Ombasha aliniruhusu kwa sababu nilimwambia nampelekea Maganga ugali. Ugali ulikuwepo kweli. Maganga alikuwa amelalia tumbo, mgongo wazi kwa ajili ya hewa.

"Shikamoo, mtani," nikasema. Sijawahi kumwamkia hivyo. Sisi huanza na matusi.

"Leo shikamoo?" akasema. "Basi nimeshakufa."

Nikakaa. Nikamwambia Loishiye amezikwa. Akasema ameambiwa. Nikamlisha ugali kwa mkono, kwa sababu kukaa hawezi. Alipomaliza nikasema nilichokuja kusema.

"Mtani, ile foya."

"Naijua."

"Unajua nini?"

"Najua sauti yako, Feruzi. Nakusikia kila siku kutoka asubuhi mpaka magharibi, hunyamazi hata ukila. Utasemaje foya nisijue ni wewe? Nilishangaa, nikasema leo Feruzi amepewa cheo gani. Tena foya peke yake, bila amri ya lenga kutangulia. Nilishangaa. Mikono haikushangaa."

"Mbona hukunitaja?"

Aligeuza kichwa upande wa pili, ukutani. "Nani ataandika barua?"

"Barua gani?"

"Kwa mke wangu Unyanyembe. Wewe ndiye unayeandika barua zangu. Ukifungwa na wewe, nani ataandika? Karani? Karani anaandika kila kitu kimoja, 'mimi mzima kama wewe mzima'. Wewe unamchekesha. Jirani anamsomea, anacheka. Amejibu mara tatu." Akakwaruza ukuta kwa kidole. "Mwambie nimehamishiwa pwani. Usimwandikie mnyororo. Mwambie naona bahari. Wewe unaijua bahari, ieleze vizuri."

Hivyo tu. Alikuwa ameshapanga. Kwenye orodha ya Maganga ya vitu vya kuokoa nimewekwa wa kwanza, na sababu ni kwamba naandika barua za kuchekesha.

Nilimwambia, "Mtani, wewe ni mjinga."

"Na wewe ni Mpangani," akasema. "Nipe maji."

Nikampa.

Sasa ni alasiri. Zamu yangu imekwisha. Nimeandika barua ya mke wa Maganga, iko chini ya daftari hili. Sikuandika bahari. Niliandika kwamba mumewe amepata matatizo makubwa, kwamba hakufanya kosa alilosingiziwa, na kwamba aliyefanya kosa ni mwandishi wa barua hii. Nilijaribu kutia kichekesho kimoja kwa ajili yake. Hakikukaa, nikakifuta.

Hofu ninayo, ila naiona kwa mbali, kama mtu ng'ambo ya mto ananipungia mkono. Najua nikisema, hamsa ishirini yangu ipo. Najua labda nisimwokoe Maganga hata kidogo. Bwana anaweza kusema mmoja alipiga kelele na mwingine alipiga risasi, wafungwe wote, na tukaenda pwani mimi na mtani wangu kwenye mnyororo mmoja, ananitukana njia nzima. Na barua itakuwa ya mwisho. Yote hayo nayajua na moyo hauendi mbio.

Nimewahi kuwaambia watu kwamba mlinzi mwenye akili anajiokoa kwanza. Bado naamini. Moto ukishika leo, nitamwambia mlinzi yeyote vile vile: wewe kwanza, gunia bichi, tambaa, taja jina lako, na usirudie kofia. Sifuti hata neno. Lakini moto umezimwa tangu Jumamosi, daftari. Ninachojiokoa nacho sasa ni Maganga. Nimemfanya yeye gunia langu, nimejifunika naye kichwa chote na uso.

Bwana mkubwa yuko barazani, namwona kutoka hapa. Karani yuko naye. Shauri ni kesho asubuhi, na ningeweza kungoja kesho kama watu wengine wenye adabu.

Nimejaribu sentensi yenyewe mara mbili kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza nilianza na habari za shule ya Tanga. Mara ya pili nilitia upepo, mhunzi na cheche, na nilipofika kwenye foya nilikuwa nimeshakuwa mtu wa kuhurumiwa. Nimekata yote. Imebaki hii: Bwana, aliyepiga kelele ya foya ni mimi, na Maganga alitii.

Nitaisema kwa Kiswahili.

Najijua. Nikilala na jambo hili nitaamka nina maneno mazuri, yaliyopangwa, yenye mahali pa kucheka na mahali pa kuhuzunika, na mtu akiyasikia hatajua tena ni nani aliyekufa. Ndiyo maana naenda leo.